Nusu ya Mbele, Nusu ya Nyuma

Baba yangu ni fundi makochi. Mtaani wanamwita Mzee Misumari, kwa sababu karibu maisha yake yote watu wamemwona na misumari mdomoni. Anaijaza kwenye shavu moja kama mtoto aliyeiba peremende, anausukuma mmoja kwa ulimi, na nyundo inaushindilia kwenye mbao kabla hujapepesa jicho. Ukimsalimia anakujibu "mmh." Sisi wanawe tulizijua "mmh" zake zote. Ipo ya ndiyo, ipo ya hapana, na ipo ya ondoka hapa kabla sijameza msumari.

Kabla hajafungua karakana nyumbani alifanya kazi kiwanda cha fanicha. Meza yake ilikuwa imepigiliwa sakafuni karibu na mashine ya randa, na mashine ilikuwa kushoto kwake, siku zote kushoto. Mashine ile ilimla sikio. Halikufa siku moja. Lilianza kupiga mluzi, kisha likawa linasikia kama lipo ndani ya pipa, kisha likanyamaza kimya. Baba hakumlaumu mtu. Alisema, "Nina lingine."

Mwaka jana lile lingine nalo likaanza mluzi.

Nilimpeleka mimi kwa daktari wa masikio. Mimi ni binti yake wa kwanza, msusi wa nywele, na nilirudi kuishi nyumbani baada ya ndoa kunishinda, au mimi kuishinda yenyewe, inategemea unamuuliza nani. Daktari akamchungulia Baba, akampigia vyuma vyake vinavyolia ting ting, akaniambia sikio hilo halitapona, litakuwa linapungua taratibu. Tulipofika mlangoni kwetu Baba akaniuliza, "Na muziki?"

Hakuuliza atasikiaje wateja. Hakuuliza atasikiaje gari likija nyuma yake. Muziki!

Sasa lazima nieleze nyumba yetu, la sivyo hutaelewa kitu. Ni nyumba ndefu na nyembamba. Mbele kabisa, inayotazama barabara, ni karakana ya Baba: sponji, springi, magunia, makochi ya watu yaliyochunwa ngozi yanasubiri kuvishwa. Nyuma kabisa ni chumba cha Mama. Mama ni dobi. Anafua nguo za watu na kuzipiga pasi, na mashati yake yakitoka hapo unaweza kuyasimamisha mezani bila mtu ndani. Kati ya Baba na Mama kuna ukumbi mrefu wenye vyumba huku na huku. Asubuhi wanaachana ukumbini, kila mtu na kazi yake, jioni wanakutana.

Walipooana Baba alinunua mashine ya muziki yenye spika mbili, akaziweka zote karakana. Mama, bibi harusi mbichi, yuko nyuma na pasi ya mkaa, anasikia mdundo tu, du du du, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu. Alivumilia kidogo. Kisha akatembea ukumbi wote na pasi mkononi inatoa moshi, akasimama mbele ya mumewe.

"Hebu niambie. Mimi nimeolewa na wewe, au nimeolewa na pasi?"

Baba akatema misumari kiganjani. Jambo hilo peke yake lilikuwa heshima kubwa. Akasema, "Spika ni mbili. Na sisi ni wawili."

Siku hiyo hiyo akavuta waya juu ya dari mpaka nyuma. Akaipigilia spika moja ukutani juu ya meza ya kupigia pasi, akaivisha kitambaa chekundu kilichobaki kwenye kochi la mteja, na pembeni akakipanga kwa misumari yake ya vichwa vya shaba, mstari umenyooka utadhani kochi la mkubwa fulani. Wakati ule mwanamke gani mtaani alikuwa na spika yake mwenyewe? Wenzake walikuja na nguo za kufuliwa hata kama ni safi, mradi wakae hapo. Mama aliipenda spika ile kuliko kitanda. Mwaka ambao paa lilivuja juu ya meza, aliihamisha meza. Spika haikuguswa.

Hivyo ndivyo tulivyokua. Wavulana walikuwa mbele na Baba, wakichambua sponji. Wasichana tulikuwa nyuma na Mama, tukikunja. Muziki ulikuwa mmoja, kutoka mashine moja, na Baba ndiye aliyebadilisha kanda.

Na kila siku tuligombana juu ya muziki huo huo.

Kulikuwa na kanda moja ya bluu, karatasi yake ilishabanduka, hakuna aliyejua bendi ni ipi. Wimbo wa kwanza wa kanda hiyo ndio uliokuwa wimbo wa nyumba. Kwa Baba na wavulana, ulikuwa wimbo wa mwanamume mwenye huzuni. Anauliza, "Nikirudi nimechelewa, utanijua kwa lipi?" Halafu hapana jibu. Gitaa linazunguka, ngoma inapiga, na bwana anauliza tena, "Nikirudi nimechakaa, utanipokea kwa lipi?" Kimya. Baba alikuwa anatikisa kichwa na misumari yake: "Huyu hana bahati. Anauliza ukuta."

Kwetu sisi wa nyuma hakukuwa na mwanamume. Kulikuwa na wanawake, wengi, sauti kama maji ya mtungi mpya, wanasema, "Kwa mwendo wako, kwa mwendo wako." Gitaa jingine, jembamba, linacheka. Halafu, "Kwa mikono hii, kwa mikono hii." Mama alitufundisha kwamba ni wimbo wa kumtania msichana anayetembea kwa maringo. Tuliuimba hivyo, tukimwigiza msichana wa nyumba ya pili mpaka akatuchukia.

Kaka yangu anayenifuata alikuwa akija nyuma kuchukua maji na kuniambia, "Nyie mnaongeza maneno. Wimbo hauna wanawake."

"Na wewe una masikio ya kuku. Mwanamume yuko wapi?"

Tulishikana mashati kwa sababu hiyo. Kweli kabisa.

Utauliza, mlikuwa hamsikii ya upande wa pili? Tulisikia. Ukipita ukumbini ulisikia vyote, pamoja na nyundo, pamoja na maji, pamoja na mtoto anayelia. Lakini Baba, sauti za wanawake zikimfikia kutoka nyuma, alijua ni Mama na mabinti zake wanaingilia wimbo. Alikuwa akipaza sauti, "Mama watoto, hebu mwacheni mtu aimbe!" Na Mama, akisikia mwanamume kwa mbali, alijua ni Baba anajipigia kelele zake. "Baba yenu leo ameamka na koo," alikuwa akisema, anaendelea kubonyeza pasi. Walikaa hivyo tangu kabla sijaota meno mpaka mvi zikaniingia. Watu wawili wenye akili zao!

Turudi kwenye sikio. Lilipoanza kupungua, Baba alifanya kile ambacho angefanya mtu yeyote: alipandisha sauti. Kanda zilishakufa wakati huo. Kaka alikuwa amemwekea nyimbo zake kwenye kijiti cha kuchomeka kwenye mashine mpya, hata zile za kanda ya bluu, zilizohamishwa na fundi mmoja wa redio. Baba akazungusha kitufe. Leo kidogo, kesho kidogo. Mbele alisikia vizuri kiasi. Nyuma, Mama alikuwa anajaza pamba masikioni. Vioo vya madirisha vilitetemeka. Jirani yetu ni muuguzi wa zamu za usiku, mchana ndio usiku wake. Alivumilia, kisha siku moja akaja amevaa kanga na macho mekundu kama nyanya.

"Shikamoo Mzee. Mimi sikuja kugombana. Mimi nataka kulala tu."

Baba akamjibu, "Karibu, kaa kochi lile limekamilika." Hakusikia hata neno.

Kaka akaleta suluhisho la watu wa mjini. Alinunua hedifoni, zile kubwa zinazofunika masikio kama vikombe viwili, laini, akampelekea Baba karakana. Baba akazigeuza mikononi. Akabonyeza sponji ya ndani kwa kidole gumba, kazi yake hiyo, akasema, "Sponji nzuri." Akazirudisha.

"Vaa, Baba. Utasikia wewe peke yako, kwa sauti unayotaka."

"Peke yangu nitasikia kaburini," Baba akasema. "Muziki wa kuvaa ni sawa na kula umejifunika shuka. Mimi nikicheza muziki na anayepita asikie."

"Anayepita hakuomba, Babu," akasema binti yangu.

Binti yangu yuko sekondari, na jina lake la nyumbani ni Waya, kwa sababu tangu akiwa mdogo hakuna siku ameonekana bila nyaya zinaning'inia masikioni. Anafua nazo, anakula nazo, ukimwita lazima umrushie kitu. Mimi na yeye tuligombana sana kwa hilo. Nilimwambia nyumba hii si ya bubu. Naye aliniambia, "Mama, nyie mnasikia kelele. Mimi nasikia muziki." Nilimtupia chanuo.

Waya ndiye aliyezichukua zile hedifoni. Babu yake alimwacha, wao wawili wanataniana sana. "Chukua wewe, mchumba. Zako zile za uzi zimeshachoka."

Sasa sikiliza. Siku ya pili yake nilikuwa nyuma namsaidia Mama kukunja mashuka. Baba, tulipomweleza kilio cha muuguzi, alikuwa amezima muziki, na nyumba ilikuwa imepooza kama kuna msiba. Mama akawa anaimba peke yake, kwa mwendo wako, kwa mwendo wako. Waya akamuuliza ni wimbo gani, akautafuta kwenye simu kwa yale maneno, akaupata. Ule ule! Akamwambia bibi yake, "Njoo nikuvishe, Bibi. Ujisikilizie bila kumsumbua mtu."

"Ondoa mavikombe yako hapo."

"Dakika moja tu, Bibi."

Mama alifuta mikono, akainamisha kichwa kama anavishwa taji. Waya akamwekea, akabonyeza.

Mimi sikusikia kitu. Niliona uso tu. Mwanzo Mama alitabasamu, alilitambua gitaa lake. Halafu akashtuka, akageuka kulia haraka, kama mtu aliyeguswa bega. Hapakuwa na mtu. Akaangalia tena mbele. Mdomo ukafunguka. Akashika ukingo wa meza, akajishusha taratibu akakaa juu ya mashuka niliyokwisha kukunja, na Mama yangu hakai juu ya nguo ya mteja, hata umwambie nyumba inaungua.

Wimbo ulipoisha hakuzivua. Alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo waliovaa vitu hivyo:

"Kumbe kuna mwanamume!"

"Wapi, Mama?"

"Humu! Anauliza! Anauliza, wao wanamjibu!" Akanishika mkono, vidole vyake vya baridi ya maji. "Nikirudi nimechelewa utanijua kwa lipi. Kwa mwendo wako. Wewe! Si msichana wa maringo. Ni mumewe. Wanamwambia watamjua kwa hatua zake."

Nikazivaa na mimi. Mimi si mtu wa kulia ovyo, wateja wangu wanajua. Lakini nilisimama pale na nywele zikanisimama. Bwana yule wa mbele, wa Kaka na Baba, alikuwa sikio langu la kulia, karibu mpaka nilisikia anavuta pumzi. Wanawake wangu walikuwa kushoto. Alimaliza swali, na kabla neno halijafika chini wao wakalidaka. Ngoma ilikuwa katikati, ndani ya fuvu langu. Wimbo niliolelewa nao, na nilikuwa sijawahi kuusikia.

Waya akaangalia ile spika nyekundu ukutani, akafuata waya kwa macho mpaka unapoingia darini. Akauliza pole pole, "Ya pili iko kwa Babu?"

"Sasa itakuwa wapi kwingine?" nikamjibu.

Basi akacheka mpaka akakaa chini. Akatueleza: wimbo unarekodiwa pande mbili, wengine huku, wengine kule, na spika mbili zinatakiwa zikae chumba kimoja. Tulikuwa tumegawana wimbo kama watu wawili waliogawana jozi ya viatu, wewe wa kulia, mimi wa kushoto, halafu kila mmoja anamshangaa mwenzake mbona anachechemea.

Mama hakucheka. Alikuwa ameshika njia ya ukumbini, hedifoni shingoni, Waya anamkimbilia nyuma na simu asije akakata uzi.

Baba alikuwa anavuta kitambaa juu ya mkono wa kochi. Mama alimtoa misumari mdomoni kwa kidole, kama mama anavyomtoa mtoto udongo, akamvisha. Waya akabonyeza.

Baba akasikiliza. Akatikisa kichwa. "Ndiyo huyu bwana," akasema. "Hana bahati. Anauliza ukuta."

Tukatazamana. Waya ndiye aliyekumbuka kwanza. Sikio la kushoto! Upande wa wanawake ulikuwa unaimbia sikio lililokufa. Akazivua, akazigeuza, kikombe cha kushoto kikaja kulia, akamvisha tena.

Safari hii Baba aliacha kutikisa kichwa. Nyundo ilikuwa bado mkononi, akaiweka chini bila kuitazama.

"Ni akina nani hawa?"

"Ni hao niliokuwa nao nyuma," Mama akasema, lakini hakusikika.

"Kwa mwendo wako," Baba akasema peke yake. "Kwa mwendo wako. Wanamjibu? Wanamjibu yule?" Akazigeuza mwenyewe: bwana. Akazigeuza: wanawake. Akawa anageuza na kugeuza, mikono mikubwa ile yenye makovu ya misumari, anakimbizana na wimbo. Akifika kwa bwana, jibu limeshapita. Akifika kwa wanawake, swali limeshapita. Mwishowe akazivua akamtazama mkewe.

"Wanakuja pamoja?"

Mama akainama kwenye sikio zima. "Pamoja. Akimaliza tu, wanaingia. Hawamwachi hata kidogo."

"Mimi siwezi kuwapata pamoja."

Nilitazama pembeni. Sikio lile lilikuwa linahesabiwa siku, sote tulijua. Siku moja lingenyamaza kama mwenzake, na bwana yule angebaki anauliza ukuta milele kichwani mwa Baba.

Waya akasema simu inaweza kuchanganya pande zote ziingie upande mmoja. Akaanza kutafuta. Baba akamwekea mkono juu ya simu.

"Acha, mchumba. Nikivaa mimi, bibi yako hasikii. Akivaa yeye, mimi sisikii. Tumeshasikilizana hivyo inatosha. Leteni spika ya nyuma. Ziwekwe zote hapa."

Mama akasema, "Spika ipi?"

"Ya nyuma."

"Ya nyuma ni yangu."

"Ni ya kuazima tu, Mama watoto. Wimbo mmoja."

"Mimi nalijua hilo neno," Mama akasema. Alisimama wima, mdogo vile, mikono kiunoni. "Kochi la mama yangu lililetwa huku kwa kuazima. Feni yangu ililetwa huku kwa kuazima. Kitu kikija mbele hakirudi nyuma. Mbele kuna wateja, mbele kuna wageni, mbele kuna wanaume wanakunywa chai. Nyuma nilipewa kitu kimoja. Ulinipa mwenyewe, ukanipigilia mwenyewe. Hakitoki."

"Mama," nikasema, "Baba anataka kusikia mara moja tu, na sikio—"

"Na wewe nyamaza. Nimezaa wasemaji nyumba hii." Lakini macho yake yalirudi kwenye hedifoni. Alitaka asikie kuliko sisi sote. Alitaka, na hakuweza kung'oa.

Sijui kama Baba alisikia yote. Alisikia ya kutosha. Alikaa kwenye fremu ya kochi lisilo na sponji, akaangalia spika yake iliyokuwa juu ya mlango inatazama barabara. Hiyo ndiyo iliyokuwa bango lake. Hakuwahi kuandika jina popote. Watu walielekezwa, fuata muziki, ukiufikia umefika. Wenzake walikuja jioni kukaa chini yake. Nikaona anaitazama mpaka nikajua anachotaka kufanya, na sikuamini.

Akapanda kwenye stuli.

"Baba, utaanguka!"

"Mmh."

Ile ya ondoka hapa. Akachomoa misumari mmoja mmoja, akiipokea kwa meno. Akaishusha spika, vumbi la umri wangu wote likamwagika kwenye mabega yake. Akaikumbatia kifuani. Baba akapita mbele ya Mama, akashika ukumbi, na sisi nyuma yake kama tunasindikiza kitu, Waya amebeba mashine, mimi nimebeba nyaya.

Na nikagundua kwamba Baba hakukijua vizuri chumba kile. Alisimama mlangoni akitazama kamba za nguo, makaratasi ya wateja yaliyobanwa kwa pini, dirisha dogo. "Pana joto hapa," akasema. Mama akamjibu, "Umegundua leo?"

Aliipigilia spika yake ukuta ule ule, mbali kidogo na nyekundu, zinatazamana na meza. Waya akaunganisha. Baba akavuta kigoda, akakaa, sikio zima mbele. Mama akasimama nyuma yake, hakutaka kukaa.

Sauti haikuhitaji kupandishwa. Alikuwa karibu nazo kama mtu na sahani yake.

Gitaa likaanza. Halafu la pili likaanza, jembamba, linacheka. Na ngoma, jamani, ngoma haikutoka kwenye spika yoyote. Ilitoka katikati, mahali pasipo kitu, hewani juu ya meza ya pasi. Nilinyoosha mkono pale. Sikushika kitu, na bado ilikuwa pale, ningeweza kukuonyesha ilipo kwa kidole. Waya akavua nyaya zake masikioni. Nilimwona anatazama mahali pale pale ninapotazama mimi.

"Kichwani mwangu mpiga ngoma anakaa ndani," akanong'ona. "Hapa amesimama nje. Mama, amesimama kabisa!"

Bwana akaja upande huu. "Nikirudi nimechelewa, utanijua kwa lipi?"

Baba akashika magoti yake.

"Kwa mwendo wako, kwa mwendo wako."

Sijui niandike nini hapo. Baba hakulia. Hakutikisa kichwa. Alikaa kama mtu ambaye mlango wa ukuta umefunguka mbele yake, ukuta aliouegemea maisha yake yote. Bwana akauliza tena, na safari hii Baba alijua, na niliona bega lake linasubiri. Wanawake wakaingia. "Kwa mikono hii, kwa mikono hii." Akacheka. Sauti ndogo tu, ya kijana.

"Wanamjibu," akasema. "Wanamjibu kila mara."

"Kila mara," Mama akasema sikioni mwake. "Na mimi pamoja nao, miaka yote hiyo. Wewe ulikuwa unapaza sauti, mwacheni mtu aimbe."

"Nilidhani mnamwingilia."

"Tulikuwa tunamjibu, baba watoto."

Baba akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akapata mkono wake. Wimbo ukaisha, akasema rudisha. Waya akarudisha. Ukaisha, akasema rudisha. Muuguzi akaja kuchungulia dirishani, nikajiandaa kwa vita, lakini akasema tu, "Mbona leo ni mzuri hivi?" akajifuta macho akaegemea dirisha, usingizi wake akauacha huko huko alikouacha.

Spika haikurudi mbele. Mama alisubiri siku kadhaa kuona kama itaombwa, haikuombwa. Baba amehamishia huko kazi za mkono, vifungo, mishono ya mito, anakaa kwenye kigoda chake karibu na meza ya pasi na misumari shavuni, na Mama anamlalamikia kwamba anamjazia nyuzi kwenye mashati meupe. Sikio linaendelea kupungua, daktari hakukosea. Zikipungua sauti anasogeza kigoda. Sasa hivi goti lake linakaribia ukuta.

Waya bado anavaa hedifoni zake, nimeacha kumrushia vitu, ila kila akipata wimbo mpya anakuja kuujaribu kwanza huko nyuma, aone utasimama wapi.

Mbele pako kimya. Wateja wa zamani wanapita karakana mara mbili, wanarudi, wanasimama mlangoni wananiuliza kwa sauti ya chini, kwa uoga, kama Mzee Misumari ametutoka.

"Yupo," nawaambia. "Amehamia kwa mkewe."